Volontia, mlima na uji wa mtoto: nani anayepanga ratiba?

Kila ifikapo Juni, vijana kutoka Ulaya, Marekani na Australia huanza kuteremka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) na kutawanyika Moshi na Arusha. Wengi wamelipia kifurushi chenye mambo mawili: wiki moja au mbili za kujitolea kwenye mradi wa lishe ya watoto, kisha kupanda Kilimanjaro, kwenda Serengeti, au kumalizia kwenye fukwe za Nungwi. Asubuhi wako kituoni wanakoroga uji, wanagawa vikombe, wanapima uzito, wanafundisha kunawa mikono kwa nyimbo. Jioni wanaulizana bei ya kukodi jaketi za mlimani.

Jambo hili limewagawa watu. Mwenye nyumba anayewapangisha vyumba anaona ni neema. Mwalimu wa chekechea amechoka kubadilishiwa wasaidizi kila baada ya wiki mbili, ila unga wanaouleta haukatai. Ofisa lishe wa halmashauri anaujua mradi ulio kwenye kata yake kwa kuona picha mtandaoni. Mzazi aliyeko Manchester au Toronto anajiuliza kama fedha alizomchangia binti yake zilimfikia mtoto au ziliishia kwa wakala. Na kijana mwenyewe, akisoma maoni ya watu, hajui kama anasifiwa au anatukanwa: huku anaitwa mwenye moyo, kule anaitwa mkoloni mwenye kamera.

Mabishano haya yote huzunguka nia ya mgeni. Je, amekuja kwa huruma au kwa kutafuta picha? Swali hilo ni la kuvutia lakini halizai kitu, kwa sababu mtoto hanenepi wala kukonda kwa nia ya aliyempa kikombe. Linaloamua ni ratiba. Safari ya kitalii ndiyo inayochagua mahali pa kujitolea, umri wa mtoto anayesaidiwa na msimu wa kusaidiwa, na katika yote matatu huchagua pasipo na shida kubwa.

Udumavu unakokaa

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyodai. Mwaka 2010 ilikuwa asilimia 42, na mwaka 2015/16 asilimia 34. Tunashuka, ingawa polepole. Kinachoshangaza ni mgawanyo wa mikoa. Iringa ilikuwa na asilimia 56.9, Njombe 50.4 na Rukwa 49.8. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi: mahindi, viazi, maharage, mboga. Magunia yanapakiwa kwenye malori kwenda Dar es Salaam, na nusu hivi au zaidi ya watoto wa mikoa inayoyapakia wamedumaa.

Hivyo tatizo si uhaba wa chakula kwa maana ya kawaida. Mtoto hunyonya bila nyongeza kwa miezi sita, na wengi hadi hapo hawajambo. Baada ya hapo huanza uji. Uji wa mahindi matupu ukiwa mzito, mtoto wa miezi saba hawezi kuumeza. Ukiongezwa maji anaumeza, lakini amejaza tumbo lake dogo kwa maji yenye wanga kidogo. Hana mafuta, hana dagaa waliosagwa, hana yai, kwa sababu mayai yamekwenda gulioni kutafuta ada na chumvi. Mama ametoka alfajiri kwenda kupalilia au kuchuma chai, na mtoto amebaki na bibi au na dada wa miaka minane anayemlisha mara mbili kwa siku badala ya nne au tano. Akiharisha wiki moja, anapoteza alichokusanya mwezi mzima. Na mara nyingi hadithi ilianza kabla hajazaliwa, kwa mama aliyebeba mimba akiwa na upungufu wa damu.

Ndiyo maana wataalamu wanazungumzia siku 1,000, kuanzia mimba inapotungwa hadi mtoto atimize miaka miwili. Sehemu kubwa ya kimo kinachopotea hupotea ndani ya siku hizo, na ni vigumu sana kukirudisha baadaye. Udumavu, kwa maneno mengine, ni jambo la nyumbani, la mtoto mchanga na la kazi za mama. Haupangi foleni mahali popote ukisubiri kikombe.

Kazi iliyowahi kufanyika

Ni vema kukumbuka kuwa nchi hii haikuanza jana. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa mwaka 1973. Miaka kumi baadaye ulianza mpango wa lishe mkoani Iringa, ulioendeshwa na serikali pamoja na UNICEF na WHO kwa fedha za Italia, ukianzia katika vijiji 168. Kila baada ya miezi mitatu watoto walipimwa uzito, matokeo yakasomwa mbele ya halmashauri ya kijiji, na wanakijiji wakaulizwa: kwa nini hawa wamepungua, na sisi tuna nini cha kufanya kwa tulicho nacho? Duru iliyofuata iliangalia kama kilichoamuliwa kilifanyika. Kufikia mwaka 1988, utapiamlo mkali katika vijiji hivyo ulikuwa umeshuka kutoka kiasi cha asilimia 6 hadi chini ya 2. Mchoro wa visababishi vya utapiamlo ambao UNICEF iliusambaza duniani mwaka 1990 umechota sana kutoka Iringa.

Kipindi hichohicho wataalamu wetu walishughulika na ule uji. Walionyesha kuwa kijiko cha unga wa kimea, yaani mtama au ulezi uliooteshwa, kikikorogwa kwenye uji mzito huulainisha bila kuongeza maji, kwa sababu vimeng'enya vya kimea hukata wanga. Uji unabaki na nguvu zake na mtoto anaumeza. Akina mama wa vijijini walikijua kimea tangu zamani, kwa kupikia pombe. Kilichohitajika ni kukihamisha kutoka mtungi mmoja kwenda sufuria nyingine, na hilo halikuhitaji tiketi ya ndege.

Kwamba Iringa leo inaongoza kwa udumavu haifuti matokeo hayo. Uzito pungufu na ufupi ni vitu viwili tofauti, na mtoto anaweza kuponywa kimoja akabaki na kingine. Lakini inatuonya wote, wenyeji na wageni: kazi ya lishe ikiachwa inarudi nyuma, na kwa hiyo anayepima faida yake kwa wiki mbili anatumia kipimo kisicho chake.

Wanaosema waje

Hoja ya kwanza ya watetezi ni fedha, na ni nzito kuliko wapinzani wanavyokubali. Vituo vingi vidogo vya Moshi na Arusha huendeshwa kwa ada za mavolontia na kwa michango wanayoituma wakisharudi kwao. Bila wao, jiko halina mkaa. Hoja hii imepata uzito zaidi tangu mwaka 2025, Marekani ilipositisha misaada na hatimaye kulifunga shirika lake la USAID, ambalo lilikuwa likigharimia miradi mikubwa ya lishe katika mikoa kadhaa. Bomba kubwa likifungwa, watu huthamini kila ndoo.

Wapinzani hujibu kuwa nauli peke yake, kwenda na kurudi, ingelipa posho ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii kwa miezi mingi. Hesabu hiyo ni sahihi na haina maana. Kijana wa miaka kumi na tisa hakuwa na mpango wa kutuma nauli yake Njombe. Alikuwa na mpango wa kusafiri. Fedha ya safari haipo mpaka safari iwepo. Anayelinganisha lazima alinganishe safari yenye kujitolea na safari isiyo na kujitolea, na hapo ndipo swali la kweli linapoanza.

Hoja ya pili ni mikono ya ziada. Hii ni dhaifu. Kazi ambayo mgeni asiye na ujuzi anaweza kuifanya siku ya pili baada ya kufika, yaani kupika uji, kuosha vikombe na kuimba na watoto, ni kazi ambayo mwenyeji yeyote anaweza kuifanya vizuri zaidi, akilipwa. Chuo Kikuu cha Sokoine kinatoa wahitimu wa shahada ya lishe ya binadamu, na baadhi yao wanatafuta ajira wakati mgeni analipa ili afanye kazi inayokaribiana na yao.

Hoja ya tatu ni kwamba safari humbadilisha anayesafiri. Akirudi anakuwa mchangiaji wa kudumu, au anasomea afya ya jamii, au anapiga kura akiwa na picha tofauti ya Afrika. Wapo waliobadilika hivyo. Lakini faida hiyo ni ya mgeni kwanza, na ya mtoto kwa kuzunguka sana. Tukiikubali kama hoja kuu, itabidi tukubali pia kuwa mtoto wa chekechea ndiye mwalimu, na hakuna anayemlipa.

Wanaosema wasije

Upinzani nao una historia. Mwaka 1968 padri na mwanafalsafa Ivan Illich aliwahutubia nchini Mexico wanafunzi wa Kimarekani waliokuwa wakijitolea vijijini wakati wa likizo, akawaambia bila kuwapaka mafuta warudi kwao, au waje kama watalii. Hotuba yake bado husomwa vyuoni kwa sababu aliyoyaona hayajaisha: mgeni mwenye uwezo mdogo hupewa mamlaka makubwa kwa vile tu ametoka mbali.

Kwenye lishe mamlaka hayo yanaweza kuua. Mfano unaojulikana zaidi uko jirani, Jinja, mji wa Uganda unaovuta watalii kwa maporomoko ya Nile. Mwaka 2009 mwanamke kijana wa Kimarekani asiye na taaluma ya udaktari alianzisha huko shirika la Serving His Children, lililopokea watoto wenye utapiamlo mkali. Kati ya 2010 na 2015 lilipokea watoto zaidi ya 900, na 105 wakafa. Mamlaka ya afya ya wilaya ilikifunga kituo mwaka 2015. Mwaka 2019 akina mama wawili, wakisaidiwa na shirika la Uganda linalowapa wanawake msaada wa kisheria, walifungua kesi Mahakama Kuu. Mwaka 2020 pande zote zilimalizana kwa fidia bila shirika kukiri kosa. Mwanzilishi alikana kuwa aliwahi kujifanya daktari, na watetezi wake walisema watoto wengi walifika wakiwa mahututi na wengi zaidi walipona.

Tuache mahakama na tuangalie kitanda. Mtoto mwenye utapiamlo mkali ulioambatana na homa, uvimbe au kuhara hawezi kushindiliwa chakula. Mwili wake umejizoesha njaa; moyo na figo vinafanya kazi kwa kiwango cha chini, na madini kama potasiamu na fosifati yamepungua. Akipewa chakula kingi ghafla, au dripu ya haraka, moyo unaweza kushindwa. Ndiyo maana hospitali huanza na maziwa maalumu ya F-75 kwa vipimo vidogo kila saa mbili au tatu, usiku na mchana, na kuingia F-100 au chakula dawa cha karanga baadaye. Huruma inamwambia mtu amlishe mtoto mwenye njaa mpaka ashibe. Tiba inasema ngoja.

Eneo la pili la upinzani ni makao ya watoto. Wageni hupenda kujitolea huko kwa sababu watoto wako pamoja, wanapatikana mchana kutwa na wanakumbatia. Lakini kituo kinachopata ada kwa kila mgeni hupata pia sababu ya kutunza watoto wengi iwezekanavyo, hata wale wenye mzazi hai ambaye angeweza kuwalea akipigwa jeki kidogo. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikemea madhara ya utalii wa kujitolea katika makao ya yatima. Kenya, ambako pwani ya Malindi na Diani imejaa vituo vya aina hii, ilikuja na mkakati wa 2022 hadi 2032 wa kuwarudisha watoto kwenye familia. Kwa upande wa lishe, hoja hapa ni rahisi: mtoto aliyekatwa kutoka nyumbani ili ashibishwe kituoni amepata chakula na kupoteza mlezi, na kwa mtoto mdogo mlezi ni sehemu ya lishe.

Madhara mengine hayana kelele. Chukua unga wa lishe. Mavolontia wengi hupenda kuufundisha: mahindi, ulezi, mtama, ngano, soya, karanga, vyote vinasagwa pamoja, na darasa zima linafurahi. Wataalamu wetu wamekuwa wakionya kuhusu michanganyiko hii. Kurundika nafaka nne ni kurundika kundi moja la chakula mara nne; soya isiyokaangwa vizuri humsumbua mtoto tumboni; na mahindi na karanga ndiyo mazao yanayoshambuliwa zaidi na sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na kiwango kidogo kisichoua kimehusishwa na udumavu wenyewe. Mgeni aliyenunua karanga za bei rahisi sokoni, akazisaga na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya, anaweza kuwa anamlisha mtoto kile alichokuja kukipiga vita. Hakuna atakayejua, kwa sababu sumukuvu haina harufu wala ladha, na aliyepika ameshafika Zanzibar.

Waje kwa masharti

Kati ya kambi hizi mbili kuna wale wanaosema tatizo ni muda na ujuzi. Wanawataja wajitoleaji wa Peace Corps, ambao Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuwapokea mwaka 1961: wanafundishwa Kiswahili kwa miezi kadhaa, wanakaa kijijini miaka miwili, wanakula wanachokula wenyeji. Shirika la Kiingereza la VSO, lililoanza 1958, baada ya miaka kadhaa lilihama kutoka vijana waliotoka shule kwenda watu wenye taaluma. Mkunga mstaafu anayekaa miezi sita katika kituo cha afya kilichomwomba hafanani na mwanafunzi wa wiki mbili.

Msimamo huu ndio wenye busara zaidi kwenye karatasi. Udhaifu wake ni kwamba hauwagusi watu tunaowazungumzia. Mwenye wiki mbili za likizo hatageuka kuwa mwenye miaka miwili kwa sababu ameshauriwa. Zaidi ya hapo, ujuzi wa kitabibu si ujuzi wa mahali. Kupima tu, kazi ambayo kila mgeni anadhani anaiweza, kuna mambo yake. Mzani wa saa unaning'inizwa kwenye boriti ya ofisi ya kijiji, mtoto anavalishwa kaptula ya kupimia, analia na kurusha miguu, na mshale unacheza. Mpimaji mzoefu husubiri utulie, mgeni husoma haraka kwa kumwonea huruma. Urefu ni mgumu zaidi. Mtoto hulazwa chali kwenye ubao, mtu mmoja anashika kichwa kiguse mwisho, mwingine ananyoosha magoti na kusogeza kibao mpaka kwenye nyayo. Mvulana wa miezi 24 anahesabiwa kuwa amedumaa akiwa chini ya sentimita 81.7 kwa viwango vya WHO. Goti likikunjwa kidogo, sentimita mbili zinapotea, na mtoto mzima anaandikwa mdumavu. Takwimu za namna hiyo hujaa kwenye ripoti za vituo, zikionyesha maendeleo makubwa kati ya volontia mmoja na mwingine.

Mahali, umri, msimu

Hoja zote hizo zina ukweli, ila kambi zote tatu huichukulia safari kama jambo la pembeni. Ukiangalia ratiba, unaona kinyume chake.

Mavolontia wanakaa Moshi kwa sababu mlima uko Moshi. Wanakaa Arusha kwa sababu mbuga ziko upande huo, na Unguja kwa sababu ya bahari. Kilimanjaro iko chini ya wastani wa taifa kwa udumavu. Njombe haina mlima unaojulikana Ulaya, Sumbawanga, mkoani Rukwa, hakuna safari ya puto, na kwa hiyo mikoa yenye nusu ya watoto wao wamedumaa haina foleni ya wageni. Sisemi kwamba Moshi hakuna mtoto mwenye shida; wako, hasa kwenye familia za vibarua. Lakini kama mtu angechora ramani ya shida na ramani ya mavolontia, zisingelaliana.

Umri nao huchaguliwa na urahisi. Mgeni anahitaji kundi la watoto lililokusanyika saa mbili hadi saa sita, linaloweza kuimba na kufuata maelekezo. Huyo ni mtoto wa chekechea, wa miaka mitatu hadi sita, ambaye siku zake 1,000 zimeshapita. Uji wa shuleni una faida zake: unamtuliza, unamfanya asome, unamvuta aje darasani. Ila tusiuite vita dhidi ya udumavu. Mtoto wa miezi tisa, ambaye vita ni yake, yuko mgongoni mwa dada yake mahali ambapo basi dogo la wageni halifiki, na mama yake hahitaji wimbo. Anahitaji muda, mkunde jirani na nyumba, na mume anayejua kuwa yai si la mgeni peke yake.

Na msimu. Likizo za kaskazini ya dunia ni Juni hadi Agosti. Huko Nyanda za Juu Kusini, ziliko Iringa, Njombe na Rukwa, huo ndio wakati wa mavuno, ghala likiwa limejaa. Miezi migumu ni Januari hadi Machi, akiba imepungua, mvua inanyesha, kuhara na malaria vinapanda, na mama yuko shambani siku nzima. Miezi hiyo mavolontia ni wachache. Juni hiyohiyo shule zetu nazo ziko likizo, kwa hiyo baadhi ya vituo hulazimika kuwaita watoto warudi ili wageni wapate wa kuwahudumia. Hapo utaratibu umegeuzwa waziwazi: mtoto ndiye anayemhudumia mgeni.

Sheria isemavyo

Hapa mambo ni mafupi kuliko watu wanavyodhani. Viza ya kawaida ya utalii haimruhusu mtu kufanya kazi nchini, hata ya kujitolea. Kuna kibali cha ukaazi daraja C kwa ajili hiyo. Anayetoa tiba lazima atambuliwe na baraza la taaluma yake. Kampuni inayomwambia mteja aseme uhamiaji kuwa amekuja kutalii tu imeshamfundisha uongo kabla hajashika mwiko. Serikali nayo imejifunga: kila mkoa una mkataba wa lishe. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alisaini mikataba hiyo na wakuu wa mikoa, na halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa mwaka. Hiyo ni fedha ya mayai mawili matatu, na si halmashauri zote zinazoitoa kwa wakati. Ni haki kusema kwamba serikali ingeitimiza ahadi hiyo ndogo, ingekuwa na sauti kubwa zaidi ya kuwauliza wageni wanafanya nini.

Ukipima

Kwa mwenye wiki mbili, Illich alikuwa karibu na ukweli: aje kama mtalii, bila aibu. Tanzania ilipokea wageni wa kimataifa zaidi ya milioni 1.8 mwaka 2023, na fedha yao inafika kwenye sahani za watoto kwa njia ambayo haipigwi picha. Mpagazi wa Kilimanjaro ni mfano mzuri. Ana watoto, na huenda mmoja wao yuko kwenye umri ule wa siku 1,000. Akilipwa kikamilifu, akabeba mzigo usiozidi kilo 20, akala milo mitatu mlimani, nyumbani kunabadilika. Akipunjwa na kampuni ya bei poa, mkewe anauza mayai. Mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, KPAP, hufuatilia kampuni zinazowalipa ipasavyo, na kijana anayechagua kampuni kwa orodha hiyo amefanya jambo la lishe kubwa kuliko vikombe vya uji vya asubuhi kumi. Njia hii nayo ina mpaka: utalii hunufaisha mikoa ya utalii, na Rukwa inabaki vilevile. Kwa Rukwa dawa ni bajeti, wahudumu na muda.

Wahudumu wenyewe wanaandaliwa. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 kwa miaka mitano. Hao wanazungumza lugha ya mama mwenye nyumba, wanamjua mume wake, na Februari matope yakifika magotini watakuwepo. Anayetaka fedha yake ifike kwa mtoto wa miezi tisa aipeleke kwa mashirika yanayofanya kazi na wahudumu hawa, na akae kwao.

Mwenye ujuzi na muda aje akiitwa: mtaalamu wa maabara anayeweza kupima sumukuvu, mhasibu wa kituo cha afya, mkunga. Aitwe na halmashauri au hospitali, kwa kazi iliyoandikwa, apewe mwenyeji wa kurithi kazi hiyo. Asiyeitwa asijialike kwenye wodi.

Linabaki suala moja gumu, na wapinzani hulipita haraka. Kituo chenye watoto sitini, kinachotegemea ada za mavolontia kwa mkaa, unga na mshahara wa mpishi, kikizibiwa mlango Jumatatu, Jumanne watoto hawali. Hao si takwimu za ramani. Wameshazoea kile kikombe, na wazazi wao wamepanga siku yao kwa kukitegemea. Kukata ghafla ni kuwaadhibu kwa kosa la biashara ya watu wazima. Inawezekana kukata taratibu: kituo kikubali wageni wachache zaidi kila mwaka, ada ya waliobaki imlipe mpishi mwenyeji badala ya kumpa mgeni mwiko, wazazi waanze kuchangia unga na kuni kama inavyofanyika katika shule nyingi za serikali, na ofisa lishe wa halmashauri awe na neno juu ya kinachopikwa. Itachukua miaka miwili, pengine mitatu, na baadhi ya vituo vitafungwa njiani kwa sababu havikuwa na kitu kingine zaidi ya wageni. Wakala watapinga, kwa kuwa uji uliopikwa na mwenyeji hauuziki kwenye kifurushi.